Sura ya Nne: Chupa ya Wadi Ghadafi

Katika pwani yote ya Batina hakuna nyayo zilizowahi kumshinda Rayya binti Ghanim. Hivyo ndivyo alivyomwambia Bwana Pelam asubuhi ya Jumatano, mbele ya Liwali, hata kabla hajakaa. Kisha akaona si vizuri kumdanganya mgeni wa watu, akaongeza kwamba hapo hakuzihesabu nyayo za mwizi wa mbuzi wa Sohari, na za yule aliyebeba majembe matatu ya msikiti, na za yule aliyemwibia yeye mwenyewe kandili, tena kandili inawaka na yeye yuko macho.

Bwana Pelam akatoa kijidaftari akaandika. Alikuwa Mwingereza mrefu, pua imebabuka kwa jua, aliyejifunza Kiarabu vitabuni huko Basra na kukizungumza taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Kampuni ya mafuta ilimtuma aje kugonga mawe ya nchi ile kwa nyundo ndogo, na mji mzima wa Hujairati ukamwita Baba Nyundo. Alipomaliza kuandika akauliza kwa adabu kama hao wezi watatu walipatikana baadaye.

"Wa kandili nilimpata," Rayya akasema. "Nikaolewa naye."

Liwali Mhana bin Saif hakucheka. Rayya aliliona hilo, maana Mhana alikuwa mtu wa kucheka. Alimjua tangu anatembea na kamasi puani; na miaka minne nyuma, mkewe Shinuna alipofariki, Rayya ndiye aliyemwosha. Sasa Liwali alikaa juu ya zulia lake amejifunika joho jeusi zito, katika joto ambalo hata askari walikuwa wamevua vilemba. Mbele yake chetezo kilitoa ubani kwa wingi hata macho ya Bwana Pelam yakachuruzika. Na viganja vya Liwali vilikuwa na hina, mbichi, iliyokolea mpaka kwenye kucha.

Rayya akauliza ni harusi ya nani. Liwali akajibu kwamba mikono yake imepasuka kwa ukavu. Rayya akampa pole, akaweka sawa barakoa yake kuukuu iliyokwisha rangi, akaomba aelezwe habari tangu mwanzo.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Seyyid huko Maskati na Balozi wa Waingereza walikuwa wamewekeana mkataba kwamba mafuta ya nchi hayaguswi na mtu ila kwa shauri la wote wawili. Lakini chemchemi yenyewe iko Wadi Ghadafi, milimani, na watu wa Wadi Ghadafi humtii Seyyid siku wanazopenda. Bwana Pelam alikunywa kahawa yao mwezi mzima ndipo wakamkubalia chupa moja. Moja tu, na iletwe na mtu wao, Ghusn bin Hmud. Mzungu na chupa yake watapita usoni pa Ghusn, yaani atakayewagusa amemgusa Ghusn, na ukoo mzima utaamka. Na kama Ghusn ndiye atakayevunja amana, basi uso wake umekufa. Hakuna mtu wa milima yote atakayefuatana naye tena mpaka anaingia kaburini.

Jumapili jioni chupa ilifika ngomeni salama. Ikazibwa kwa lakiri nyekundu, ikapigwa mihuri miwili, wa Liwali kwa niaba ya Seyyid na wa Bwana Pelam kwa niaba ya Kampuni, ikafungiwa ghalani. Jumatatu asubuhi haikuwepo. Uani, kutoka mlango wa barza, ukumbi wa kulaza wageni, mpaka ghalani, kulikuwa na nyayo za makubadhi ya Ghusn, yenye kiraka kisigino cha kushoto. Kwa hiyo Ghusn akatiwa pingu.

"Na kesho adhuhuri meli ya Balozi inatia nanga," Bwana Pelam akasema. "Nisipokuwa na chupa, atamchukua Ghusn kwenda kuhukumiwa Maskati. Mimi sitaki, Bibi. Yule kijana alinipa maji yake njiani akabaki na kiu. Lakini atachukuliwa."

Rayya akamuuliza mafuta kiasi gani yanahitajika huko yanakopelekwa. Bwana Pelam akasema wataalamu wa London wangetosheka na kikombe kimoja. Chupa nzima ilikuwa kwa ajili ya heshima. Akampa pia kitambaa alichofutia shingo ya chupa siku ile ya Jumapili. Rayya akakinusa. Kilinuka lami na yai viza. Akakifunga kwenye ncha ya ushungi wake.

Kisha akamgeukia Liwali. "Nina sharti moja, Mhana. Nikikuonyesha aliyeichukua, Ghusn hafunguliwi na askari. Unamfungua wewe, kwa mkono wako."

Liwali akakubali mara moja. Akakubali upesi kuliko mtu aliyeombwa jambo, na mkono wake ukashika ufunguo wa pingu uliokuwa kiunoni kana kwamba kazi yenyewe inaanza sasa hivi.

Mkuu wa walinzi, Zahran, ambaye alijiona mpelelezi zaidi ya kila mtu, akampeleka Rayya uani. Kwa kweli alikuwa amefanya jambo moja la akili: nyayo zote alizifunika kwa makanda ya tende tangu Jumatatu, na amemkataza mfagiaji asikanyage. Ua ule ulikuwa wa mchanga laini, na hufagiliwa kila siku baada ya sala ya isha, kwa hiyo kilichoandikwa juu yake kilikuwa cha usiku mmoja tu.

Rayya akafunua kanda la kwanza, akapiga magoti. Akafunua la pili na la tatu. Alikwenda hivyo mpaka ghalani, akajinyoosha mgongo, akaanza upya kutoka ghalani. Zahran alimfuata akimweleza yaliyo wazi: kiraka hiki hapa, kisigino cha kushoto, kila mtu anakijua.

"Kiraka nakiona," Rayya akasema. "Hiki je?"

Mbele ya kila unyayo, nje kabisa ya ukingo wa kubadhi, mchanga ulikuwa na kishimo cha mviringo. Zahran akainama. Akasema labda ni kokoto. Rayya akamwambia kokoto haimfuati mtu hatua arobaini ikimtangulia kwa nusu inchi. Kile kilikuwa kidole gumba. Mguu ulikuwa mkubwa kuliko kiatu, na kisigino kilizama kwa uzito wa mtu anayekula vizuri.

Halafu akamwonyesha la pili. Nyayo hazikuishia ghalani. Zilitoka ghalani zikaenda mlango mdogo wa nyuma, unaotokea shamba la mitende, kisha zikarudi kwa njia ile ile mpaka mlango wa barza. Rayya akauliza ni mwizi gani aliyekwisha kutoka nje na mali, anayerudi kulala.

Zahran akakuna ndevu. Rayya akamuuliza usiku ule ni watu wangapi walilala humo. Karibu kumi: wageni barzani, na Liwali katika chumba chake cha ndani, ambacho hakina mlango mwingine ila kupitia barzani. Na viatu vyao vilikuwa wapi? Zahran akamtazama kama aliyeulizwa jua linatokea upande gani. Vilikuwa nje, mlangoni, vyote kwa pamoja, kama viatu vya watu wote duniani.

"Basi," Rayya akasema. "Mtu anayetoka gizani, kabla ya alfajiri, anatia mguu katika kiatu kilicho karibu. Wewe hujawahi kwenda chooni na makubadhi ya mwenzio?"

Zahran alikuwa amewahi. Hata hivyo hakutaka kushindwa bure, akasema kwamba kama si Ghusn basi ni mpishi wa Mzungu, Pirbakhsh, Mbaluchi, ambaye mikono yake inanuka mafuta saa zote. Wakaenda jikoni. Pirbakhsh alikuwa akikanda mkate, na aliposikia anatajwa kwa wizi alianza kulia mle mle kwenye unga. Rayya akamshika mikono, akainusa mmoja mmoja. Mafuta ya taa, ya jiko la Mzungu, pamoja na kitunguu. Akafungua ncha ya ushungi, akamnusisha Zahran kitambaa, kisha akamnusisha mikono ya mpishi. Halafu akaiangalia miguu ya Pirbakhsh, iliyokuwa midogo kama ya msichana, akamwambia aendelee na mkate wake, ila unga huo wenye machozi asitie chumvi nyingine.

Ufunguo wa ghala haukumsaidia kitu. Uliningʼinia kwenye msumari kando ya mlango wa barza, na mji mzima ulijua, pamoja na mbuzi.

Nje ya lango kubwa, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, alikaa mwanamke mmoja amekumbatia kiriba cha maji. Ndiye Tufula, mke wa Ghusn. Alikuwa amekuja na mumewe mjini ili ajifungulie kwa shangazi yake, na tangu Jumatatu shangazi alikuwa akimletea chakula pale pale ukutani, maana Tufula alikuwa ameapa hainuki mpaka mlango ule ufunguliwe. Rayya akakaa karibu yake. Alimwekea kiganja tumboni, akakiacha hapo kidogo.

"Ameshuka," akasema.

"Najua, Bibi."

"Siku mbili. Pengine moja."

"Nimemwambia amngoje baba yake," Tufula akasema. "Lakini hanisikii. Ni mtu wa kwao."

Rayya akamwambia asogee, kivuli kinahama. Akamhamisha mwenyewe, kiriba na mkeka, akaingia tena ndani.

Chumba cha wafungwa kilikuwa chini ya mnara. Rayya alitegemea kuona kijana aliyekauka kwa njaa na hofu. Hofu ilikuwepo. Lakini Ghusn alikuwa amekaa juu ya blanketi jipya la sufu, pembeni yake dele la kahawa lenye joto, na sahani ya halua ambayo kwa mtazamo wa Rayya haikuwa ya kwanza. Mlinzi akasema ni amri ya Liwali. Chakula cha mfungwa kinatoka jikoni kwa Liwali, mara tatu kwa siku, na jana usiku Liwali alishuka mwenyewe kuuliza kama pingu zinambana.

"Mimi simwelewi bwana huyu," Ghusn akasema. "Ananifunga kama mwizi, ananilisha kama mkwe."

Rayya akaichukua sahani ili isimsumbue wakati wa kazi, akapima mguu wa Ghusn kwa kiganja chake: shibiri moja na vidole viwili. Makubadhi yake, aliyoletewa na Zahran, yalimkaa sawasawa, na nafasi ikabaki mbele. Kidole gumba cha Ghusn kisingetokeza nje hata akivutwa. Kwa hiyo huyu hakuwa mwizi, na Rayya akamwambia hivyo, waziwazi, ili alale. Ghusn akafunika uso kwa mikono yake iliyofungwa. Alipoufunua akasema kwamba kuambiwa hivyo na Bibi ni jambo kubwa, lakini Bibi si Balozi, na meli ni kesho.

Ndipo Rayya akamwomba akumbuke Jumapili usiku barzani. Nani alizungumza juu ya ile chupa, na kila mmoja alisema nini?

Ghusn alikuwa na kumbukumbu ya watu wa milimani, ambao hawaandiki na kwa hiyo hawasahau. Bwana Pelam aliuliza chemchemi hutoa viriba vingapi kwa siku. Zahran aliuliza kama yanawaka kwenye taa. Pirbakhsh aliuliza kama yanakaangia, wote wakamcheka. Na Liwali aliuliza kama yanapakwa moto au baridi.

"Yanapakwa wapi?" Rayya akauliza.

"Kwa ngamia, Bibi. Sisi hatuna kazi nyingine nayo. Ngamia akipata upele, unampaka baridi, unamtenga na wenzake, siku tatu upele umekufa. Hawa Wazungu sijui wao wana upele gani."

Rayya alikuwa na kipande cha halua njiani kwenda mdomoni. Kikasimama. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa pili: Jumatatu, Jumanne, leo. Kisha kipande kikaendelea na safari.

Akamuuliza kama ana salamu kwa mkewe. Ghusn akasema amwambie asikae juani, na kama mtoto atatangulia kuja, asimpe jina. Jina ataleta yeye, akiwa na uso wa kulileta.

Mlango mdogo wa nyuma ulifunguka kwenye shamba la mitende la Liwali. Hapo nyayo zilikwisha. Ardhi yote ilikuwa tope lililokauka na kupasukapasuka, safi, halina hata unyayo wa kuku. Mwenye kusimamia zamu za maji alikuwa amekaa kando ya mfereji, mbele ya kijiti chake cha kupimia kivuli, na alikuwa na manungʼuniko ya kutosha mtu yeyote atakayesimama. Rayya akasimama. Mzee yule akasema ameshika zamu za mfereji ule miaka ishirini, na katika miaka hiyo Liwali hajawahi kuchukua tone lisilo lake. Zamu yake ni Alhamisi. Lakini Jumatatu hii, jua halijatoka, Liwali kaja mbio yeye mwenyewe kumwomba maji ya mtu mwingine, ameahidi kuyarudisha mara mbili, na kuyafungulia kayafungulia kwa mkono wake, bila jembe, mchangani, kama mtoto anayecheza.

"Mitende ilikuwa na kiu?" Rayya akauliza.

Mzee akasema mitende ilikuwa imekunywa Alhamisi, ikashiba.

Rayya akapita kati ya mitende, taratibu, pua mbele. Upande wa mwisho wa shamba, mbali na zizi, palikuwa na kibanda cha makuti ambacho mwaka jana hakikuwepo. Alipofika karibu hakuhitaji kufungua ncha ya ushungi. Lami na yai viza.

Ndani alisimama Samha.

Kila mtu wa Hujairati alimjua ngamia yule. Ndiye aliyemleta Shinuna bibi harusi kutoka Nizwa, miaka thelathini iliyopita, na Mhana kijana akimwongoza kwa hatamu njia nzima kwa miguu, ingawa alikuwa na ngamia wake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Ndiye aliyembeba Shinuna akaenda kuwaaga ndugu zake mwaka ule wa mwisho. Sasa alikuwa kikongwe, meno yameisha, na upele ulikuwa umemla manyoya ubavu mzima. Nguzo ya kibanda ilikuwa imelainika kwa kujikuna kwake. Lakini asubuhi ile hakuwa akijikuna. Alisimama ametulia, anatafuna majani, na mwili wake wote ulingʼaa mweusi.

Rayya akamkagua kwa kazi yake. Mafuta yalikuwa yamepakwa kwa vidole, si kwa kitambaa; mistari minne minne, sambamba, kutoka shingoni mpaka kwenye paja. Yalipakwa kwa zamu: ya chini yamekauka, ya juu bado yanateleza, ya alfajiri ya leo. Nyuma ya masikio, mahali ambapo mtu mwenye haraka hangefika, yalipakwa kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole. Na mgongoni, asipate baridi, alikuwa amefunikwa blanketi jekundu la kufumwa. Rayya alilijua blanketi hilo. Alimwona Shinuna akilifuma.

Chupa ilikuwa kwenye tundu la ukuta wa udongo nyuma ya majani. Nusu ilikuwa bado imejaa. Lakiri ilikuwa imevunjwa, lakini vipande vyake vyote, vyenye mihuri miwili, vilikuwa vimekusanywa na kufungwa kwenye leso safi.

Rayya akairudisha chupa tunduni. Akakaa kidogo na Samha, akamsimulia mambo ya mji.

Adhuhuri ilipokwisha saliwa, alimtumia Liwali neno kwamba anamngoja shambani, na kwamba aje peke yake, bila Zahran na bila Mzungu. Kisha akaenda langoni, akamshika Tufula mkono, akamwambia kiapo chake ni cha kungoja mlango, na mlango wa nyuma ni mlango vilevile. Wakazunguka nje ya ukuta, pole pole, Tufula akipumzika kila mtende wa tatu, mpaka kwenye kibanda. Rayya akamtandikia mkeka.

Liwali alikuja amevaa joho lake, jasho linamtiririka mpaka ndevuni. Alipomwona Tufula, akasita. Akamsalimu, akamuuliza hali, na alipojibiwa akaitazama miguu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa mikubwa.

Rayya akamwambia habari njema: chupa imepatikana, nusu yake, na kikombe kinachohitajika kimo, na vipande vya lakiri vipo, kwa hiyo wenye mihuri wawili wanaweza kuizika aibu hii wao kwa wao kabla ya meli. Kilichobaki ni kumjua aliyeichukua, ili huyu binti apewe mumewe. Akamweleza pia alivyofikia hapo, moja moja: kidole gumba kilichotokeza, viatu vya mlangoni, nyayo zilizorudi kulala, maji ya Jumatatu. Hakutaja hina. Hakutaja halua. Alikuwa anamwachia mlango wazi, mpana wa kutosha mtu na joho lake.

Liwali akakohoa. Akasema ni jambo la kusikitisha. Inaonekana mwizi alikuja na huruma zake, akamwona mnyama wa watu anaumwa.

"Na maji, Mhana?"

Maji, Liwali akasema, ni kwa ajili ya mche mmoja mchanga. Hakusema ni mche gani.

Rayya akaingia kibandani, akatoka amemshika Samha hatamu. Juani ngamia alionekana kama ametoka kutiwa nakshi. Tufula, mtoto wa watu wa ngamia, hata katika taabu yake akainua kichwa, akasema kazi hiyo imefanywa vizuri, kwao hakuna mwanamume anayekumbuka nyuma ya masikio.

"Umesikia," Rayya akasema. "Mtu huyu mwizi anasifiwa. Hebu fikiri tena, Mhana. Anamjua mnyama huyu. Pengine anamwendea kila alfajiri, leo pia. Wewe je, mara ya mwisho umekuja lini hapa?"

Liwali akajinyoosha. Akavuta joho akalibana vizuri begani. Akasema, kwa ile sauti anayosomea amri za Seyyid siku ya Ijumaa, kwamba yeye ni mtu mwenye kazi za serikali. Kwamba ngamia mwenye upele huachiwa wachungaji. Na kwamba amekaa siku arobaini hajaja kibandani hapa wala hajamgusa Samha hata kwa ncha ya kidole.

Tufula akamtazama. Akaweka mkono tumboni, akapumua.

Rayya akaiachia hatamu.

Samha hakuharakisha, hajaharakisha miaka kumi. Alikuja hatua kwa hatua, majani yakiningʼinia mdomoni, akampita Rayya, akampita Tufula mkekani, akasimama mbele ya Liwali. Akainamisha ile shingo ndefu, akamsukuma joho kwa pua, kwa ustadi wa mtu anayejua mlango wake, mpaka joho likateleza likaanguka chini. Kanzu ya ndani ilikuwa nyeupe, safi, ya kupigwa pasi, isipokuwa begani, upande wa kushoto, ambapo palikuwa na doa jeusi, pana, lenye umbo la taya la ngamia. Samha akaweka taya lake juu ya doa lile. Vikalingana, pembe kwa pembe. Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho.

"Siku arobaini," Rayya akasema.

"Sijamgusa," Liwali akasema. Mkono wake wa kushoto, wenye hina, ulikuwa umekwisha panda wenyewe na kuanza kumkuna Samha nyuma ya sikio, na wa kulia ulikuwa kiunoni, unautafuta ufunguo. "Wallahi, Bi Rayya, ngamia huyu hata hanijui."